Mwanamke, Kitanda na Ratiba ya Treni: Kuusoma Mchoro wa Edward Hopper

Mchoro uitwao Hotel Room ulichorwa na Mmarekani Edward Hopper jijini New York mwaka 1931. Ni kazi ya rangi ya mafuta kwenye turubai lenye kimo cha sentimita 152.4 na upana wa sentimita 165.7, na sasa umehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Thyssen-Bornemisza mjini Madrid, Hispania. Ndani yake yumo mtu mmoja tu: mwanamke aliyeketi kwenye kitanda cha hoteli usiku, amevaa shimizi, ameinamia karatasi aliyoishika juu ya mapaja. Hakuna tukio, hakuna mazungumzo, hakuna mtu wa pili. Hata hivyo mchoro huu umeandikiwa maelezo mengi, na sehemu kubwa ya maelezo hayo huanza na neno upweke.

Neno hilo si la uongo, ila limetangulia mno. Ni hukumu iliyotolewa kabla ya mashahidi kusikilizwa. Mchoro wa mtu mmoja ndani ya chumba una mtego wake: kwa kuwa hakuna kinachotendeka, mtazamaji huharakisha kuujaza kwa hisia zake, kisha akaamini kwamba hisia hizo amezikuta humo. Njia ya kuuepuka mtego huo ni kuanza na vilivyomo, kimoja baada ya kingine, kabla ya kuuliza vina maana gani.

Vilivyomo si vingi. Kipo kitanda chenye shuka nyeupe, kiti cha kijani chenye mikono, kabati la droo, na dirisha lenye pazia la manjano lililoteremshwa kiasi. Chini ya pazia hilo kuna weusi mtupu, bila nyota wala taa ya jirani. Mizigo iko sakafuni, bado imefungwa. Viatu vimevuliwa. Kofia imewekwa juu ya kabati na gauni limelazwa kitini. Ukuta hauna picha. Taa haionekani, ingawa chumba kimejaa mwanga mkali unaotoka juu.

Vitu hivyo vikipangwa kwa utaratibu wake, vinasimulia dakika chache zilizopita. Mizigo peke yake ingeweza kuwa ya mtu anayeondoka, lakini mtu anayeondoka havui gauni na viatu. Kwa hiyo msafiri huyu amefika. Ametua mizigo, amevua kofia, gauni na viatu, kisha, kabla hata ya kufungua begi lolote, ameketi na kuchukua ile karatasi. Inaonekana karatasi ilikuwa na haraka kuliko nguo ya kulalia. Au pengine uchovu ulimshinda, na karatasi ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Maelezo yote mawili yanakubaliana na mchoro, na hapo tayari mtazamaji anaona kwamba turubai linalodhaniwa kuwa halina tukio lina muda ndani yake, tena muda uliopimwa kwa makini.

Kinachofuata ni mpangilio, na hapa ndipo Hopper alipofanya kazi yake kubwa. Upande wa kushoto ukuta mweupe unajitokeza hadi mbele ya mchoro. Upande wa kulia kabati la droo linaziba nafasi. Kati ya vizuizi hivyo viwili mwanamke amebakiziwa uchochoro. Kitanda kimelala mshazari, kikikokota jicho kutoka mbele hadi kwenye dirisha. Jicho likifika huko linakuta giza, halina pa kwenda, linarudi kwa mwanamke. Safari hiyo ya jicho, kwenda dirishani na kurudishwa, hujirudia kila mtu anapoutazama mchoro, na ndiyo inayozaa ile hali ya kubanwa ambayo watazamaji wengi huieleza kana kwamba imetoka kwenye moyo wa mwanamke. Imetoka kwenye mistari.

Vivyo hivyo kwa rangi. Hopper alizipaka kwa maeneo mapana na bapa: nyeupe ya ukuta, nyeupe ya shuka, kijani cha kiti, manjano ya pazia. Hakuna zulia lenye maua wala ukuta wenye nakshi wa kulipa jicho kazi ya kupumzikia. Ndani ya ukakasi huo wa kingo zilizonyooka, mwili wa mwanamke ndicho kitu kikubwa pekee chenye mviringo na joto. Tofauti hiyo inamfanya aonekane mgeni katika chumba, na hivyo ndivyo alivyo: chumba cha hoteli hakina mwenyewe.

Uso wake ndio jambo linalostahili kutazamwa kuliko yote. Mwanga unaanguka kwenye mabega na miguu, lakini uso umeinama na kufunikwa na kivuli. Hakuna chozi, hakuna tabasamu, hakuna mdomo uliokazwa. Mchoraji aliyekuwa na uwezo wote wa kuchora huzuni usoni aliamua kutoichora. Wanaosema mwanamke huyu ana huzuni hawajaisoma usoni; wameichukua kwenye shingo iliyoinama na ukuta mtupu. Lakini kila asomaye maandishi madogo huinama. Ipo hali nzito ndani ya mchoro, na anayeikana hajautazama. Hali hiyo lakini ni ya chumba na ya namna kilivyochorwa. Anachowaza mwanamke mwenyewe kimefungwa, na kimefungwa kwa makusudi. Ufasiri unaochanganya mambo hayo mawili, hali ya chumba na hisia za mtu, ndio unaompoteza Hopper mara nyingi.

Karatasi aliyoishika nayo ina historia yake. Ukitazama turubai pekee, hakuna neno linalosomeka. Watazamaji wa zamani waliweza kuifanya barua, na ikiwa ni barua, basi kuna mpenzi, kuna kuachwa, kuna habari mbaya iliyomfuata msafiri hadi hotelini. Hadithi nzima ya mapenzi imesimama juu ya karatasi isiyosomeka. Jibu linapatikana nje ya mchoro. Hopper na mkewe, Josephine Nivison Hopper, aliyejulikana kama Jo, walikuwa na madaftari ya kumbukumbu ambamo kazi ziliorodheshwa: Hopper akichora kijipicha cha kila kazi, Jo akiandika maelezo na habari za mauzo. Kutokana na maandishi ya Jo inafahamika kwamba karatasi ile ni ratiba ya treni.

Ratiba ya treni hubadili mambo mengi. Barua humvuta msomaji nyuma, kwa mtu fulani na jambo lililokwisha. Ratiba humpeleka mbele, kwenye saa na kituo. Mwanamke mwenye ratiba anapanga. Huenda anahesabu saa za kulala kabla ya treni ya asubuhi. Haachi kuwa peke yake, wala uchovu wake haupungui, lakini hawi tena mtu aliyetupwa; anakuwa mtu aliye katikati ya safari, anayejua kwamba chumba hiki ni cha usiku mmoja.

Hapa linazuka swali ambalo wanahistoria wa sanaa hawajakubaliana juu yake: je, ushahidi wa nje una haki ya kuamua maana ya kitu ambacho mchoraji alikiacha wazi? Kama Hopper angetaka kila mtu ajue kwamba ni ratiba, angeweza kuchora safu za saa na majina ya vituo. Hakufanya hivyo. Jibu la busara ni kuvipa vyote viwili nafasi yake. Daftari la Jo linaeleza kitu gani kilichokusudiwa. Turubai linaeleza ni kiasi gani cha kusudi hilo kiliruhusiwa kuonekana. Daftari linaondoa hadithi ya barua ya kuachwa, au angalau linaipokonya msingi. Haliwezi kuondoa ule utupu wa karatasi, ambao ni sehemu ya mchoro kama ulivyo weusi wa dirisha.

Mwanamke anayesoma peke yake karibu na dirisha ni mada ya zamani katika sanaa ya Ulaya. Mfano maarufu ni kazi ya Mholanzi Johannes Vermeer iliyoko Dresden, Ujerumani, aliyoichora karibu na mwaka 1657: msichana anasoma barua mbele ya dirisha lililo wazi, na nyuma yake kuna ukuta mkubwa mtupu. Kwa vizazi vingi wataalamu waliusifu utupu huo kama alama ya ukimya na faragha. Mwaka 1979 picha za eksirei zilionyesha kwamba chini ya rangi ya ukuta kulikuwa na mchoro wa Cupid, mungu wa mapenzi. Ilidhaniwa Vermeer mwenyewe aliufuta. Uchunguzi ulioanza mwaka 2017 ulibainisha kwamba rangi iliyoufunika iliwekwa na mkono mwingine, miaka mingi baada ya kifo chake. Wataalamu waliitoa rangi hiyo taratibu, na mwaka 2021 mchoro ulionyeshwa upya, Cupid akiwa amesimama ukutani. Ukimya uliosifiwa haukuwa wa Vermeer, na maelezo yaliyojengwa juu yake yakalazimika kuandikwa upya.

Kisa hicho ni cha thamani kwa anayeutazama mchoro wa Hopper, kwa sababu kinaonyesha ukuta unavyobeba maana. Vermeer alimpa mtazamaji ufunguo: barua ni ya mapenzi, Cupid anathibitisha. Hopper hakutoa ufunguo wowote. Alichora polepole, na hasa katika miaka yake ya baadaye alimaliza turubai chache mno kwa mwaka. Kitu kisichokuwepo katika kazi yake kilifikiriwa sawasawa na kilichopo. Ukuta wake mtupu ni wake.

Kuhusu maisha yake yatosha kusema machache. Alizaliwa mwaka 1882 mjini Nyack, kando ya mto Hudson, akasoma sanaa New York chini ya Robert Henri, na kati ya 1906 na 1910 alikwenda Ulaya mara tatu, akikaa zaidi Paris. Huko alikutana na kazi za Edgar Degas, na wasomi wengi wameona athari yake katika Hotel Room: sakafu inayotazamwa kutoka juu kidogo, samani zilizokatwa na ukingo wa mchoro, mtu aliyenaswa kana kwamba hakujua anatazamwa. Mwaka 1913 aliuza mchoro mmoja, kisha ikapita miaka kumi kabla ya kuuza mwingine. Katika muda huo aliishi kwa kuchora picha za magazeti na matangazo, kazi asiyoipenda. Miongoni mwa waliompa kazi katikati ya miaka ya 1920 ni jarida la wasimamizi wa hoteli, Hotel Management, ambalo alilichorea picha za jalada. Katika picha hizo wageni ni watanashati, wenye furaha, wakihudumiwa vizuri. Aliyechora Hotel Room aliujua vizuri uso ambao biashara ya hoteli ilitaka kuuonyesha, na mwaka 1931 aliingia upande wa pili wa mlango, pale ambapo mgeni amebaki na mizigo yake.

Hoteli yenyewe inahitaji kuelezwa kwa wakati wake. Katika Marekani ya karne ya kumi na tisa, mwanamke msafiri asiye na mume, baba au kaka alitiliwa shaka, na hoteli nyingi kubwa ziliweka mlango wa pembeni kwa ajili ya wanawake. Mwaka 1903 ilifunguliwa New York hoteli ya Martha Washington, iliyopokea wanawake tu, kwa sababu walikuwapo wanawake wengi wenye kazi na kipato waliohitaji mahali pa heshima pa kulala. Mwaka 1920 wanawake wa Marekani walihakikishiwa kwa katiba haki ya kupiga kura. Kufikia 1931 mwanamke mwenye mizigo yake, kofia ya kisasa na chumba alichokilipia hakuwa jambo la ajabu, ingawa bado lilikuwa jambo jipya kwa mabibi zake. Anayemwona katika mchoro na kusema tu kwamba hana mtu, anasahau kusema pia kwamba hakuhitaji mtu wa kumsindikiza.

Wengine huusoma mchoro kwa mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwishoni mwa mwaka 1929. Tarehe zinakubali, vitu vya ndani ya chumba havikubali. Hakuna dalili ya ufukara. Kiti ni kizuri, shuka ni safi, mwenye chumba ana kofia na mizigo kamili. Na Hopper hakuwa mchoraji wa foleni za mkate, ingawa wenzake kadhaa walizichora kwa ustadi. Hali ya hofu ya miaka ile huenda ilimgusa kama ilivyomgusa kila mtu, lakini kumfanya mwanamke huyu mhanga wa mdororo ni kuweka ndani ya mchoro kitu ambacho mchoraji hakukiweka.

Linabaki suala la Jo, na halipaswi kupitwa kwa haraka. Mwanamke anayeonekana peke yake hakuwa peke yake. Alikuwa mke wa mchoraji, akiwa katika studio yao iliyotazama uwanja wa Washington Square, mumewe akiwa hatua chache mbele yake na brashi mkononi. Walioana mwaka 1924, na tangu hapo Jo ndiye aliyekaa kama kielelezo cha karibu wanawake wote wa Hopper. Umri wake, nywele zake na umbo lake vilibadilishwa kadiri mchoro ulivyohitaji. Katika Morning Sun ya mwaka 1952, iliyoko Columbus, Ohio, mwanamke aliyekunja miguu kitandani akilitazama jua la asubuhi ana mwili wa makamo. Jo alikuwa na miaka 68 wakati huo. Michoro ya penseli ya maandalizi ya kazi hiyo, iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Whitney, imejaa maelezo madogo ya Hopper kuhusu rangi ya kila sehemu ya mwili: wapi pana joto, wapi pamepoa, wapi mwanga unarudishwa na shuka. Hisia ambazo watazamaji wamezitaja kwa miaka mingi zilijengwa kwa hesabu ya namna hiyo.

Jo alikuwa mchoraji pia. Mwaka 1923, Jumba la Makumbusho la Brooklyn lilipomwalika kuonyesha kazi zake za rangi za maji, yeye ndiye aliyewashauri waandaaji wazitazame na za Hopper. Jumba lilinunua mojawapo ya kazi za Hopper, na ndiyo ile iliyovunja miaka kumi ya ukame wa mauzo. Baadaye jina la mume lilikua na la mke likafifia. Kazi zake nyingi mwenyewe hazikutunzwa baada ya kifo chake mwaka 1968, ingawa wasia wake uliipa Whitney maelfu ya kazi za mumewe. Akumbukwapo Jo, mwanamke wa Hotel Room hupata uzito mwingine. Kuketi bila kujongea kwa saa nyingi, ukiigiza mtu asiyetazamwa, huku ukitazamwa na mtu unayemfahamu kuliko wote, ni kazi ngumu, na sehemu ya utulivu wa mchoro ni matokeo ya kazi yake.

Hilo linafungua suala la mahali anaposimama mtazamaji. Chumba cha hoteli kina kuta nne, lakini mchoro unaonyesha chumba ambacho upande mmoja umeondolewa. Mwanamke hajui kwamba anatazamwa, naye yuko katika nguo ambazo mtu havai mbele ya wageni. Mtazamaji basi yuko wapi? Mlangoni? Ndani ya chumba? Hopper alieleza kuhusu Room in New York, aliyoichora mwaka 1932, kwamba wazo lake lilitokana na vyumba vyenye mwanga alivyoviona madirishani alipotembea usiku mitaani karibu na nyumbani kwake. Kutupa jicho dirishani ukipita ni jambo la mara moja. Kuchora chumba hicho na kukitundika ukutani pa makumbusho ni kuliongezea jicho hilo muda usio na mwisho. Wahakiki wa kike wamesema kwa haki kwamba kuna kuchungulia ndani ya kazi hizi, na kwamba anayechunguliwa karibu kila mara ni mwanamke. Katika Hotel Room shutuma hiyo inafika, lakini inapunguzwa na jambo moja: mwanamke hakupangwa ili apendeze. Mgongo umepinda, miguu imewekwa chini kwa uchovu, na akili yake yote iko kwenye karatasi. Mtazamaji ameruhusiwa kuingia chumbani, na bado hapewi chochote cha kuondoka nacho.

Room in New York inafaa kuwekwa kando ya Hotel Room kwa sababu nyingine pia. Humo wamo watu wawili: mwanamume anasoma gazeti, mwanamke amegeukia piano na kugusa nota kwa kidole. Wako umbali wa meza ndogo, na hawana la kusemezana. Upweke wa chumba hicho ni mkubwa kuliko ule wa hotelini, ingawa hesabu ya watu imeongezeka. Ulinganisho huo unatosha kuonyesha kwamba kwa Hopper kuwa mmoja si ndiyo kuwa mpweke. Katika Automat ya mwaka 1927 mwanamke amekaa mgahawani na kikombe cha kahawa, koti mwilini, glavu moja tu imevuliwa, na nyuma yake kioo cha dirisha kinaonyesha safu mbili za taa zikipotea gizani, bila kumwonyesha yeye. Hapo kweli mtu anamezwa na mahali. Na katika Compartment C, Car 293 ya mwaka 1938, abiria wa treni anasoma peke yake katika mwanga wa kijani akiwa ametulia kabisa, na itakuwa ni kulazimisha kumwonea huruma. Kazi hizi nne hazina hali moja. Kuziita zote picha za upweke ni kuzifunga kwa kamba moja.

Hopper mwenyewe alilalamika kwamba habari ya upweke ilikuwa imetiwa chumvi. Hata hivyo, kuhusu Nighthawks ya mwaka 1942, alikubali kwamba pengine, bila kujitambua, alikuwa akichora upweke wa jiji kubwa. Kauli hizo mbili zinaonekana kupingana, na wafasiri huchagua ile inayowafaa. Haziwezi kutumiwa hivyo. Mchoraji aliyetaka zaidi kuchora mwanga wa jua kwenye ukuta wa nyumba, kama alivyosema mara moja, alikuwa anaeleza kilichomshughulisha akiwa na brashi. Kilichoingia pamoja na mwanga huo alikijua baadaye, kama wengine wote. Maneno ya msanii ni ushahidi mmojawapo, wenye uzito, usiofuta ushahidi wa turubai.

Nyakati nazo husoma kwa namna zake. Mwezi Machi 2020, nchi nyingi zilipofunga watu majumbani kwa sababu ya korona, michoro ya Hopper ilienea katika mitandao ya kijamii kama picha ya hali ya dunia. Watu waliokuwa wamefungiwa waliwaona wanawake wake madirishani na vitandani kama wenzao. Usomaji huo ulikuwa wa kweli kwa waliousoma, na ulileta mamilioni ya macho mapya kwenye kazi za zamani. Lakini kwa Hotel Room ulikuwa kinyume cha mchoro: huyu hakufungiwa, huyu yuko safarini. Mlango wake unafunguka, treni yake inakuja. Kama kuna jambo linalomlemea, ni wingi wa barabara.

Ufasiri unaosimama, basi, ni ule unaoweza kuonyesha kwa kidole mahali pake kwenye turubai. Hadithi ya mwanamke aliyeachwa haina pa kuonyesha isipokuwa karatasi tupu, na karatasi hiyo imekwisha kutolewa ushahidi. Hadithi ya mdororo haina hata hiyo. Usomaji wa mwanamke huru, mwenye fedha yake na safari yake, una mizigo, kofia na ratiba. Unashindwa tu kueleza kwa nini ukuta unambana na dirisha likawa jeusi kiasi kile. Usomaji wa upweke unaeleza ukuta na dirisha vizuri, kisha unampachika mwanamke hisia ambazo uso wake haukuzitoa. Mchoro umevibeba vyote viwili, uhuru wa kusafiri na ugumu wa chumba ambacho uhuru huo umemfikisha usiku, na Hopper hakuupunguza upande wowote ili mwingine ushinde.

Mwaka 1963, miaka minne kabla ya kifo chake, alichora Sun in an Empty Room: kona ya chumba, dirisha, na mstatili wa jua ukutani na sakafuni. Kitanda hakipo, kiti hakipo, wala mtu hayupo. Anayetoka kuutazama Hotel Room na kwenda kwenye kazi hiyo anatambua mara moja ukuta ule ule, mshazari ule ule wa mwanga, na uzito ule ule uliokuwa ukihesabiwa kuwa ni wa mwanamke mwenye ratiba.